Yai Liko Linangoja

Siku yangu ya kwanza katika kazi ya mifugo, kule Muheto, niliogopa ng'ombe. Mucheke tu. Sisi watu wa Walikale tulijua nyama ikiwa kwenye mutego, na sasa munyama muzima, mwenye pembe, ananiangalia usoni. Nikajificha nyuma ya Dokta wa mifugo. Akaniambia, "Wewe utakaa na mikroskopi. Ile haina pembe."

Basi nikawa muntu wa mikroskopi, ile mashini ya kukuza vitu vidogo. Kabla dume halijanunuliwa, niliweka tone la mbegu zake juu ya kioo, nikaangalia. Dume zima, mbegu zinachemka kama uji. Dume gumba, kioo kimetulia.

Mambo ya yai nilifundishwa baadaye, ng'ombe mumoja alipochinjwa na mimba ya ndama jike. Dokta alipasua kifuko cha mayai cha yule ndama asiyezaliwa bado, akaniita niangalie. Mayai yalikuwamo tayari.

"Yai linaanza kujigawa mule mule tumboni mwa mama," alisema. "Halafu linasimama, miaka. Wakati ng'ombe anataka dume, njo linaamuka, linatupa nusu ya nyuzi zake za urithi, halafu linasimama tena. Mara hii ya pili linangoja mbegu. Mbegu ikiingia, linamaliza kujigawa. Isipoingia, linakufa."

"Na mwanamuke, Dokta?"

"Iko vilevile."

Niliuliza kwa sababu ya Mapendo, bibi yangu wa ndoa. Miaka ilipita bila mutoto, na baba alikuwa ametuma neno kwamba anapanda kutoka Walikale pamoja na wajomba, kumurudisha kwao.

Jioni ile nikamuelezea Mapendo habari za yai, nikidhani namutuliza roho. Alikuwa anamenya viazi. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema polepole, "Kumbe langu liko linangoja kila mwezi. Sasa nani anachelewa?"

Neno lile liliniuma sana.

Dokta alipoenda Kibabi, nilifunga mulango wa laboratwari, chumba cha mikroskopi, nikaweka tone langu mwenyewe juu ya kioo. Nikaangalia. Nikabadilisha kioo, nikaangalia tena. Kimetulia. Nililia pale peke yangu, sioni haya kuwaambia.

Baba alifika. Muzigo wa Mapendo ulikuwa umekwisha kufungwa, uko mulangoni. Wajomba walipomaliza kunywa maziwa, baba akaanza, "Mwanangu, huyu mwanamuke..."

"Papa, ni mimi," nikasema. "Mbegu zangu hazina uhai. Nimeona kwa macho yangu."

"Unasema nini mbele ya wajomba zako?"

"Nasema ni mimi. Mapendo hana kosa."

Mapendo akasimama, akabeba muzigo wake, akauingiza ndani.

Kazi ile niliifanya mpaka kustaafu. Vijana niliowafundisha namna yai linavyosimama mara mbili, wengi sasa wananipita kwa elimu, na ni vizuri. Wakiniuliza kazi ilinipa nini, nawaambia mutoto haikunipa. Iliniachia Mapendo, na sasa hivi ananiita tukule.