Bangili ya Bibi kwenye Mkono wa Mama

Nilipokuwa mtoto kule Hombolo, niliiogopa bangili ya shaba ya bibi mzaa baba kuliko nilivyoogopa fimbo yake. Aliirithi kwa mama yake pamoja na mkufu wa shanga nyeupe, na siku za ngoma alivivaa vyote na kaniki nyeusi, mabega yanang'aa mafuta. Kwetu iliaminika kwamba bangili hiyo hugeuka nyeusi ikivaliwa na mwizi.

Wiki ya harusi ya shangazi, zile shanga zikapotea. Bibi hakupiga kelele. Aliwavisha bangili wanawake wa nyumbani, kila mmoja siku nzima. Kwa shangazi iling'aa, kwa mke wa baba mdogo iling'aa. Zamu ya tatu ilikuwa ya mama, aliyeolewa kutoka Kondoa, na ambaye mpaka leo wapo wanaomwita mgeni. Aliivaa, akaenda zake shambani kupiga mizabibu unga wa salfa, dawa ya ukungu. Jioni alirudi bangili ikiwa nyeusi tii.

"Mama Neema," bibi alisema, "shanga za mama yangu ziko wapi?"

"Sijazigusa, mama."

Hakufukuzwa, baba alikataa katakata. Lakini tangu siku hiyo bibi alitembea na ufunguo wa ghala shingoni, na mama akipita, maongezi yalikatika.

Nilikuwa na miaka tisa na nilimpenda mama kupita kiasi. Hata hivyo, siku moja alipokwenda kuteka maji, nilifungua sanduku lake nikapekua nguo moja moja. Alinikuta nimeshika khanga zake.

"Ukiziona," alisema polepole, "nionyeshe na mimi."

Hazikuonekana kamwe. Bibi alifariki, bangili ikaja kwangu. Mwaka huu, kwenye shamba langu mwenyewe la zabibu, nilisahau kuivua wakati wa kupiga salfa. Kufika jioni ilikuwa nyeusi tii. Nilikaa chini kati ya mizabibu nikalia.

Nilimfuata mama kule Miyuji, anakoishi sasa, nikamwekea bangili mapajani.

"Ilikuwa salfa, mama. Salfa tu."

Aliigeuzageuza, akaifuta kwa ncha ya khanga.

"Bibi yako sikumlaumu," alisema. "Yeye hakutoka tumboni mwangu."

Nimemwomba aivae kwenye harusi ya binti yangu. Amesema atafikiria.