Bei Isiyo na wa Kupatana Naye

Saa tatu asubuhi umeme umeshakatika hapa Bodija, Ibadan, na Morounkeji Alatise anakimbizana na chaji ya kompyuta. Anapanga upya bei ya kitabu cha uuguzi cha kusomea kwenye simu. Hakina karatasi, gundi wala nauli ya lori, lakini hadi sasa, kwa agizo la mkurugenzi wa kampuni ya uchapishaji iliyomwajiri, kinauzwa naira elfu tisa.

Ni mjane wa miaka arobaini na mmoja. Mshahara wa kupanga bei, naira laki moja na elfu ishirini kwa mwezi, ndio unaolisha na kusomesha watoto watatu.

Bei ya kitabu cha simu, anaeleza, huanzia kwenye ile ya karatasi, ikapunguzwa kidogo tu wauza vitabu wasinune. Duka la mtandaoni lina fungu lake, mwandishi lake. Kisha mkurugenzi huongeza la kwake.

"Mama yake aliuza vitambaa soko la Gbagi," anasema. "Kwake, bei lazima iwe na nafasi ya mteja kupunguziwa. Namuuliza, 'Baba, kwenye simu mteja atapatana na nani?' Ananiambia, 'Binti yangu, anayetaka ataomba.'"

Sikio la kufa halisikii dawa, ila hili ndilo linalomlipa mshahara.

Hakuna anayeomba. Kwa miezi mitano zimeuzwa nakala kumi na nne. Wanafunzi wanasomea nakala ya wizi, na kurasa za vipimo vya dawa za watoto hazimo. Alimkuta mpwa wake, mwanafunzi wa uuguzi, akiwa nayo.

"Anti, bei yenu ni ya wenye magari," binti alimwambia. "Mimi leo sijala hata ugali wa amala."

Morounkeji alitaka kumgombeza, akaona aibu.

Sasa mkurugenzi, Mzee Olaniyonu, ametoa neno: zisipouzwa nakala mia mbili kufikia mwisho wa mwezi, kitengo cha vitabu vya simu kinafungwa, na kitengo ni Morounkeji peke yake. Jana alikwenda kumsihi bei ishuke hadi elfu tatu na mia tano. Alisihi nusu saa nzima.

Mzee alitikisa kichwa, akaguna, kisha akatabasamu kwa mara ya kwanza mwezi huu. "Haya. Kwa kuwa ni wewe, elfu nane na mia tano."

Morounkeji anafuta elfu tisa na kuandika bei mpya. Zimebaki siku kumi na moja.

"Kesho narudi kupatana tena," anasema. "Kumbe mteja ambaye Mzee anamngoja ni mimi."