Maziwa ya Macho

Mwaka ule wa tisini na mbili, pale kwetu Nyamirambo, maziwa yangu yalikuwa na wateja wanne. Wa kwanza alikuwa binti yangu mchanga, na huyo ndiye pekee niliyemtarajia. Waliobaki walikuwa watu wazima wenye ndevu: mume wangu na wenzake wawili, mafundi wa kuchomelea vyuma, waliofanya kazi chini ya mabati ubavuni mwa nyumba yetu.

Asiyewahi kuishi na fundi wa kuchomelea huenda haujui ugonjwa wao. Anayeutazama ule moto wa umeme kwa macho matupu haumwi palepale. Atakula chakula chake cha mchana, atapiga soga, atajiona mwamba. Jua likianza kushuka, macho yanawasha, kisha yanajaa mchanga ambao haupo, na mwamba anatembea akipapasa ukuta. Dawa ya mtaa ilikuwa matone ya maziwa ya mama anayenyonyesha. Na baada ya mjadala ambao mimi sikualikwa, mafundi wetu waliafikiana kwamba maziwa ya aliyezaa mtoto wa kike hupoza zaidi.

Basi walikuwa wakija jioni, wamefumba macho, wameshikana mabega.

"Shemeji, iko kidogo ya macho?"

"Mtoto hajashiba."

"Hakuna shida, shemeji. Sisi tunangoja."

Wakakaa mkekani wakamngoja ashibe, huku wakimhimiza kwa upole amalize haraka. Mimi nyuma ya pazia nakamulia kwenye kikombe cha kahawa, nautoa mkono tu, nawapa. Walidondosheana kwa unyoya wa kuku, mmoja baada ya mwingine, chali, kwa adabu zote. Ukiingia bila kujua ungedhani nyumba ina msiba.

Kazi ilikuwa nyingi mno. Huko kaskazini kulikuwa na vita, na mjini watu walizungumza kwa sauti ndogo. Kila mwenye ukuta alitaka geti, na kila mwenye dirisha alitaka nondo. Nchi ilikuwa na wasiwasi, na wasiwasi ulikuwa mzuri kwa biashara yetu. Mume wangu alichomelea tangu asubuhi hadi adhuhuri, akala, akarudi kuchomelea.

Mtu atauliza, kwani maski ya kuchomelea haikuwapo? Ilikuwapo. Ilining'inia msumarini, ngao nzuri ya kufunika uso mzima, ila kile kioo chake cheusi kilikuwa kimepasuka na kudondoka, na kuku wetu alikuwa ametandika humo majani anataga. Hakuna aliyetaka kumsumbua. Kuku alikuwa kiumbe pekee pale karakanani aliyekuwa ameingiza kichwa ndani ya maski.

Mume wangu hakuihitaji, kwa maelezo yake. Alikuwa na utaratibu. Wiki hii alifumba jicho la kulia akachomelea kwa la kushoto, wiki ijayo akalipumzisha la kushoto, kama mtu anayepumzisha shamba. Wenzake walimwiga kwa kuwa ndiye fundi mkubwa. Kwa hiyo jioni nilianza kupokea maagizo kamili.

"Mimi ya kushoto tu, shemeji. Ya kulia iko sawa, inaanza kazi Jumatatu."

Nilicheka wiki za mwanzo. Kisha siku moja jicho la kushoto la mume wangu likakataa kufunguka, asubuhi, mchana, hadi kesho yake. Nikamfunga mtoto mgongoni nikamshika mume wangu mkono, tukateremka hadi zahanati. Muuguzi, mwanamke mnene asiyependa maneno mengi, alilifungua lile jicho kwa vidole viwili, akaangalia kwa muda.

"Umeweka nini humu?"

Mume wangu akanitazama kwa lile lililobaki. Mimi nikatazama ukutani.

"Maziwa," akasema.

"Ya mama?"

"Ya mama."

"Yoo! Bwana, maziwa ni ya mtoto. Wewe vaa maski. Jicho likiungua mara mojamoja linapona. Likiungua kila siku, itafika siku halitapona lote, na la pili litafuata. Umenisikia?"

Alisema amesikia. Njiani aliniambia kwamba muuguzi yule hajawahi kushika chuma maishani mwake.

Jioni ile nilifunga duka. Nilisimama mlangoni mtoto begani, nikawaambia wote watatu kwamba kuanzia leo tone halitoki humu, hata mtu alie. Nikachukua maski, nikamshusha kuku kwa heshima zake, nikaikung'uta majani na kumkabidhi mmoja wa wale wenzake. "Kioo cheusi kinauzwa mjini," nikasema. "Maziwa hayauzwi popote."

Walinung'unika siku kadhaa. Mmoja alijaribu kwa jirani aliyekuwa amejifungua, akafukuzwa kwa mwiko. Maumivu yakawafundisha yale ambayo mimi na muuguzi tulishindwa, na kioo kikanunuliwa. Wakawa wanavaa kwa zamu, na jioni wakaanza kuja kunisalimia macho wazi, kama watu.

Mume wangu hakuvaa. Alisema maski ina joto, ukiishusha huoni hata unapogusisha kijiti cha kuchomelea, na yeye macho yake yameshazoea. Tuligombana. Nilimwambia nimeolewa na mwanamume, sikuolewa na jiwe la mtoni lililozoea maji. Akasema atavaa kesho. Kesho zilipita nyingi, naye aliacha kulalamika kuhusu macho, nami nikadhani yamepata nafuu.

Siku moja mchana, jua limewaka uani, binti yetu alicheka nikaona jino. La kwanza, la chini, dogo kama punje ya mchele. Nilipiga kelele kwamba jino limeota. Mume wangu akaweka nyundo chini akaja mbio.

"Iko wapi?"

"Si hilo hapo!"

Akainama. Akamsogeza mtoto kwenye mwanga zaidi, akamgeuza kulia, akamgeuza kushoto. Akafumba jicho moja, akafumba jingine. Mtoto alikuwa amefungua kinywa wazi kabisa. Kisha akaingiza kidole, akapapasa ufizi, akatabasamu.

"Nimeliona," akasema. "Zuri sana."

Nilichukua mtoto nikaingia ndani. Nilikuwa na hasira, na chini ya hasira kulikuwa na hofu, nayo ilikuwa kubwa zaidi.

Kesho yake asubuhi alivaa maski bila kuambiwa na mtu. Wenzake walimpisha. Akachomelea pembe ya geti kubwa la mteja wa Gisozi, taratibu, kwa uangalifu wote. Adhana ilipolia aliivua, akanawa, akaenda msikitini. Alipopinda kona tu, wenzake wawili walilisogelea lile geti. Mshono aliouchomelea ulikuwa umekwenda kando ya chuma, umeshika hapa, umeruka pale. Mmoja alishika tupa akaukwangua, mwenzake akachomelea upya, mkono mbiombio. Nilikuwa jikoni mlangoni. Waliniona, wakainamisha vichwa.

Aliporudi alisimama mbele ya geti. Akapitisha kidole gumba kwenye mshono, juu hadi chini, kisha akarudia.

"Huu si mkono wangu," akasema. "Nani ameshika hapa?"

Wenzake walitazama vyuma vyao.

"Mimi," nikasema.

Akacheka, nao wakacheka kwa kumfuata. Kisha akaacha. Akasema basi nimekuwa fundi, mshono umekaa vizuri, mteja atafurahi. Akaitafuta ndoo kwa mguu, akaipindua, akaikalia, akaniomba nimletee mtoto.