Leseni Tatu za Darla Rostvedt

Darla Rostvedt alikuwa muuguzi wa chumba cha dharura, mwenye leseni za majimbo matatu: Dakota Kaskazini alikozaliwa, Minesota ng'ambo ya mto, na Alaska. Alifanya kazi kwa mikataba. Hospitali ikipungukiwa na wauguzi anapigiwa simu, anafunga begi, huyo. Nilishika naye zamu nyingi hapa Fargo, Dakota Kaskazini, na sikuwahi kumpenda. Alikuwa na mdomo mchafu. Lakini mgonjwa akizidiwa, ungeomba Mungu awe yeye aliye zamu.

Februari moja alitoka kwenye mashindano ya kuvua samaki kwenye ziwa lililoganda barafu, mchana kweupe, amekunywa wiski tangu asubuhi. Akaliingiza gari mtaroni mbele ya kanisa lao, watu wakitoka ibadani. Polisi wakampima pumzi, wakamtia pingu. Dada yake mkubwa, Marit, alikuwa amesimama pale ngazini. Marit naye ni muuguzi, mkuu wa wodi upande wa Minesota.

Wakili alimweleza Darla kwamba kila jimbo lina bodi yake ya wauguzi na kila bodi ina sheria zake. Moja inataka kuarifiwa ukishtakiwa tu, nyingine ukishahukumiwa, nyingine inakuuliza unapohuisha leseni. Akamsihi aseme kote, mapema, maneno yaleyale. Darla akamjibu kwamba anamlipa amtetee, si amchongee. Akaiarifu bodi ya nyumbani peke yake, kwa kuwa huko habari zilishaenea. Alipohuisha leseni ya Minesota aliulizwa kama ana kesi yoyote. Akajibu hana.

Majira ya kuchipua yalipofika, Minesota wakamtaka ajieleze. Jumapili hiyohiyo alikwenda kwa mama yao, akamkuta Marit anapakua chakula.

"Ni wewe uliyeniripoti," Darla alisema.

"Ni mimi. Kaa ule."

"Tangu tuko watoto ulikuwa unaningojea tu nianguke."

"Uliendesha gari umelewa chakari, watoto wanatoka kanisani. Nikanyamaza. Nikasema ataeleza mwenyewe. Halafu naletewa jina lako kazini, eti unakuja wodini kwangu, rekodi safi kama nepi mpya."

"Si ungeniita pembeni, dada."

"Nilikupigia. Ukanikatia, ukanitumia picha ya kidole cha kati."

Mama yao akawaambia wapunguze sauti, majirani wanasikia.

"Waache wasikie," Darla alisema. "Mama, huyu si mwanao. Huyu ni polisi kavaa aproni."

Akatoka bila kula.

Bodi ya nyumbani ilimwachia leseni kwa masharti: apimwe mkojo akiitwa wakati wowote, ahudhurie ushauri, asifanye kazi bila msimamizi. Minesota walimsimamisha, na barua yao ilizungumzia zaidi lile jibu la uongo kuliko wiski. Alaska, walipopata habari kutoka Minesota, wakauliza kwa nini hawakuambiwa, nao wakamsimamisha. Simu za mikataba zikakatika. Wakili alimkumbusha alichomwambia, Darla akamtukana hadi akakata simu.

Mwisho akapata kazi kwenye nyumba ya wazee, ambako hata kumpa mtu dawa ya usingizi lazima mwingine asimame nyuma yake. Aliacha pombe. Nilipompongeza aliniambia nikojoe mimi kwenye kikopo mbele ya mtu, ndipo nije kumpongeza.

Mwaka uliofuata mama yao alivunjika nyonga, akalazwa kwenye nyumba ileile ya wazee. Marit alikuja kumwona, akamkuta Darla anambadilishia mama shuka. Akasema angependa muuguzi mwingine amhudumie.

"Kaniripoti," Darla alisema, bila kuinua kichwa. "Njia unaijua."

Mama akageukia ukutani. Marit akakaa kitini na koti lake mwilini, na Darla akaendelea kukunja pembe za shuka, polepole, kama vile kiti kile hakina mtu.