Mzee Aliyeosha Mashine Mpya

Haya niliyaandika kwenye daftari langu jioni ya siku ile ile, kabla akili haijapata nafasi ya kuyapamba; sasa, miaka baadaye, nayanakili na kuongeza kidogo. Sikusoma sana, na mara nyingi najishuku mwenyewe. Lakini hili lilinitokea, mchana, mvua ikinyesha, hapa Kamembe, mpakani na Bukavu.

Ilikuwa miaka ya vita vya ng'ambo ya mpaka. Sisi tuliokulia Bukavu tulikuwa tumerudi kwetu, na ushirika wetu ukapewa mashine ndogo ya kukereza chuma, mpya, ndani ya sanduku la mbao. Maman Vumilia, mkubwa wetu, aliuliza nani anaijua. Nikasema mimi. Ukweli ni kwamba niliwahi kuchungulia tu watu wakiitumia. Nikiiharibu, nyingine hakuna, na sisi wote hatuna kazi.

Nilipofungua sanduku nilifurahi: mafuta mazito kila mahali! Tulizoea mashine kuukuu zinazolia kwa kukosa mafuta. Nikadhani hii imekuja imelishwa tayari. Nikanyoosha mkono niiwashe.

"Weye, unataka kuiua?"

Mzee mmoja alisimama nyuma yangu, amevaa ovaroli ya buluu. Mvua ilipiga mabati, naye alikuwa mkavu. Niamini, hilo nilikuja kulifikiri baadaye.

"Ile mafuta ni ya safari, ya kuzuia kutu," akasema. "Angalia, imeshika vumbi ya mbao. Ukiwasha, itakula chuma. Leta mafuta ya taa."

Sijaona tena mikono kama ile. Aliosha kila skrubu kwa brashi, akaifuta, akaipaka mafuta mepesi. Kile kipande kinachobeba kisu cha kukatia kilikuwa kinacheza. Akachana karatasi kwenye daftari langu, akaipenyeza pembeni mwake, akakaza skrubu kidogo, kidogo tena.

"Karatasi isianguke, isipasuke. Basi."

Na mafuta hayakumshika hata kidogo. Je, mtu huosha mashine nzima akabaki na kucha safi?

Niliinama kuokota kitambaa. Nilipoinuka, hayupo.

Maman Vumilia akaingia. "Ee! Kumbe unajua kazi, papa!"

Sifa ile ilikuwa tamu, sifichi. Kisha nikamwambia si mimi, ni yule mzee aliyetoka sasa hivi.

"Mzee gani? Niko hapa mulangoni tangu asubuhi nachambua maharagi. Hakuna muntu amepita."

Na mlango ni huo mmoja. Pengine alisinzia; mvua humlaza yeyote. Pengine karatasi niliichana mwenyewe. Nasema hivyo nisimdhulumu mtu. Lakini mimi sikujua kitu, na mashine ilikuwa imeoshwa.

Akanikazia macho. "Umenidanganya mara ngapi?"

"Mara moja, Maman. Niliposema naijua."

"Na huyo mzee yako, uliona vile alifanya?"

"Yote."

"Fungua. Ufanye tena, niangalie."

Nilizifungua skrubu zote, nikafanya kama yule mzee. Ndipo Maman mwenyewe akaiwasha. Ikazunguka kimya, hata tukasikia mvua juu ya mabati.

Tangu hapo ndiyo kazi yangu. Kila ninapokaza skrubu nahisi kidole kingine juu ya changu, kinanizuia pale inapotosha. Hakijakosea hata mara moja. Mimi nakosea.

Wewe unayesoma, ukipewa mashine mpya, ioshe kwanza. Na kama hujui, sema hujui. Mimi nilitumiwa mwalimu. Wewe huenda usitumiwe.