Uyoga wa Chumba cha Nyuma

Kwa Kisomali uyoga huitwa barkin waraabe, yaani mto anaolalia fisi. Jina hilo linatosha kueleza kwa nini pale Iftin, mtaani kwetu Garissa, hakuna jirani aliyewahi kuuonja, na kwa nini mama alipoanza kuuotesha ndani ya nyumba watu walisema ujane umemvuruga akili. Baba alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Ng'ombe walikwisha kabla yake, kiangazi kiliwamaliza.

Aliyemfundisha alikuwa mwalimu wa kike aliyetoka Kenya, kama tulivyosema wakati huo, utadhani sisi tulikuwa ng'ambo. Ndiye aliyemwagizia mbegu kutoka Nairobi. Mama alikatakata mabua ya mahindi, akayachemsha, akayashindilia pamoja na mbegu kwenye mifuko ya plastiki na kuitundika chumba cha nyuma. Madirishani aliweka magunia, nami nikapewa kazi ya kuyalowesha. Niliichukia kazi ile. Kwa joto la Garissa, gunia linakauka ukigeuka tu. Lakini uyoga ulitoka, mweupe na mnene, na mwalimu na maofisa wenzake wakaununua wote. Mama alicheka siku hiyo, kicheko nilichokuwa nimekisahau.

Alikuwa na sababu. Adeer yetu wa Elwak, mdogo wake baba, alitaka kumrithi, kwa desturi yetu ya dumaal, mjane kuolewa na ndugu wa marehemu. Hakuwa mtu mbaya. Watoto wa kaka yake kuhangaika mjini kulimtia aibu, basi. Mama alimwomba kwa adabu amwache mpaka mvua inyeshe: akiweza kutulisha bila kumwomba mtu, atabaki Garissa na mimi nitaendelea na shule. Adeer alikubali, ila akasema atakuja kujionea mvua zikikaribia.

Uyoga wa pili ulikuwa ndio unachipua tulipoambiwa yuko njiani. Siku hizohizo malaria ikamlaza mama chumba cha mbele, hajiwezi. Habaryar, dada yake, akaja kumuuguza na kuandaa nyumba. Kwetu mgeni wa heshima hakaribishwi katika nyumba isiyofukizwa, na habaryar hakujua kufanya jambo nusunusu. Kila siku alikijaza chetezo uunsi, udi wetu wa Kisomali, na ubani, akakiingiza chumba cha nyuma na kufunga mlango ili moshi usipotee. Alisema kitu cha fisi hakikosi majini, afadhali yatoke kabla ya mgeni kuingia. Nyumba nzima ilinukia harusi. Mimi na habaryar hatukujua kwamba uyoga nao unahitaji hewa safi.

Mama alipopata nguvu ya kusimama aliufungua mlango. Uyoga ulikuwa umerefuka vishina vyembamba, vichwa vidogo kama vya viberiti, umegeuka manjano na kunyauka. Akaketi sakafuni. Habaryar akamuuliza kwa huruma kama aongeze ubani.

Adeer alifika kesho yake. Aliitazama mifuko kwa muda, akauliza kimepita nini. Mama alimtazama dada yake, ambaye bado alikuwa na chetezo mkononi.

"Ni joto," akasema.

Nilimkasirikia mama, na hasira ile sijaimaliza mpaka leo. Angeusema ukweli, huenda angeongezewa muda. Nilipomuuliza pembeni, alinijibu kwamba dada yake hana mtoto wala mume, ana yeye tu, na kwamba nikifungua mdomo hatanisamehe.

"Walaal, ndugu yangu, umejitahidi," adeer alimwambia jioni ile, na sauti yake ilikuwa ya upole kweli. "Wallahi umejitahidi. Sasa inatosha."

Tuliondoka kwa lori lililokuwa likipeleka bidhaa Elwak. Habaryar alilia, akimwombea mama ndoa yenye baraka. Mama aliketi mbele, karibu na adeer, kama mke. Mimi nilipandishwa juu ya magunia ya sukari nikiwa bado na sare ya shule, kwa sababu nguo nyingine nzuri sikuwa nayo. Niliivaa Elwak mpaka ikachanika.