Gari Lililozima Likiwa na Jeneza

Mume wangu alipokufa, alibebwa na gari lake mwenyewe. Lilikuwa stesheni wagon la zamani, lenye nyuma ndefu, naye alilitunza kuliko alivyoitunza nyumba. Tulilaza viti vya nyuma, jeneza likaingia, na mlango tukaufunga kwa kamba. Mdogo wake alishika usukani, mimi nikakaa kando yake. Mama mkwe na jamaa wengine walitufuata kwa pikapu. Tuliondoka mochari ya Busia jua likiwa limeshaanza kuwaka, tukienda kumzika kwao, karibu na Kocholia.

Malaba tulikuta foleni ya malori yanayongoja kuvuka kwenda Uganda. Tulitambaa hapo kwa muda mrefu, injini ikichemka na sisi ndani tukichemka nayo. Tulipotoka kwenye msongamano na kushika barabara ya Amagoro, gari likazima. Halikukohoa wala kushtuka. Lilizima tu, kama stima inavyopotea.

Shemeji alipindua ufunguo. Stata ilizunguka lakini injini haikuwaka. Siku nyingine yoyote angeshuka na kufungua boneti. Lakini kwetu, gari lililobeba maiti likizima njiani, hakuna anayegusa boneti. Watu hushuka, husimama karibu na jeneza na kumbembeleza marehemu, kwa sababu ni yeye amekataa kwenda. Kuna mtu amemkosea, au kuna neno halikusemwa.

"Hiyo si gari," alisema mama mmoja mzee akishuka kwenye pikapu. "Hiyo ni mwenyewe amekataa. Bibi yake aongee na yeye."

Walinisukuma mbele. Mimi ni Mluhya wa Butula, na Kiteso cha kwao kwangu kilikuwa kimeishia kwenye salamu. Mume wangu naye, Kiluhya alikijua cha kuombea chai. Tulichumbiana kwa Kiswahili, tukaoana na kugombana kwa Kiswahili. Kwa hiyo nilimwambia kwa Kiswahili, mbele ya ukoo mzima: "Mzee, twende nyumbani. Kama nimekukosea, si ungeniambia tukiwa wawili? Twende."

Shemeji akapindua ufunguo. Hakuna kitu.

Nikarudia. Hakuna kitu. Nilisikia mtu nyuma yangu akisonya. Ndipo mama mkwe akashuka, polepole, akaweka kiganja juu ya jeneza na kuanza kusema naye kwa Kiteso, kwa sauti ya chini, kama mtu anayeamsha mtoto aende shule. Alisema mengi. Mimi nililielewa jina la utotoni la mwanawe tu. Alipomaliza, shemeji akapindua ufunguo na gari likawaka.

Watu walishusha pumzi, wengine wakaanza wimbo. Mimi nilibaki nimesimama barabarani. Hakuna aliyeniambia lolote usoni, na hawakuhitaji. Kila mtu alikuwa ameona kwa macho yake: amemkataa mke, amemwitikia mama.

Baada ya matanga nilirudi Amagoro, kwenye nyumba tuliyoishi sisi wawili. Hatukuwa tumejaliwa mtoto. Wote walitarajia kwamba shemeji angelichukua gari, lakini alilileta hadi langoni kwangu, akaacha ufunguo juu ya stuli na hata chai hakunywa. Watu wa Kocholia wakapunguza kuja, kisha wakaacha. Nilikuwa nikishona nguo Malaba, na huko nako wateja walikuja, wakapimwa, wakaondoka bila soga. Jioni nilikuwa nikisonga ugali wa watu wawili kwa mazoea, nikila nusu, nusu nikiwapa kuku. Upweke wenyewe ningeuvumilia. Kilichonitafuna ni lile swali. Je, ni kweli alinikataa? Nilipekua ndoa yetu yote nikitafuta kosa, na mtu akitafuta kosa katika ndoa yake halikosekani.

Lakini mimi ni mbishi tangu utoto. Nilijiambia, kama ni yeye, tutaelewana. Kama ni gari, nitalishika.

Kuendesha alinifundisha yeye, kwenye uwanja wa mpira, akinicheka meno yote nje. Nikaanza kwenda nalo Malaba kazini. Siku nyingine lilienda na kurudi bila neno. Siku nyingine lilizima njiani, bila kuaga. Nikimwita fundi, linawaka mara moja na kunguruma kwa adabu, kama mtoto mtundu mbele ya padri. Fundi mmoja alibadilisha koili, mwingine plagi, wa tatu akasafisha kabureta, na kila mmoja aliapa kwamba amemaliza. Kisha siku ya jua kali nikajikuta tena kando ya barabara. Wapita njia waliolijua lile gari walihamia upande wa pili. Mwanamume mmoja alivua kofia, kana kwamba maiti bado imo ndani.

Hapo nikikaa, niliongea na mume wangu, sioni haya kulisema. Nilimweleza habari za kutwa, nani ameleta kitambaa, nani amenipita kama hanijui. Nikimaliza nilipindua ufunguo na gari likawaka, nami nikaenda nyumbani moyo umetulia. Nusu yangu ilianza kusema kwamba amenisamehe. Nusu ile nyingine, ile ya ushonaji, haikuridhika. Nguo ikikubana leo na kesho isikubane, kuna sababu.

Basi nikamjaribu. Siku moja lilipozima nilimtukana, matusi ambayo sikuwahi kumtukania akiwa hai. Likawaka. Siku nyingine nilinyamaza kabisa, nikala ndizi zangu nikiangalia malori. Likawaka vilevile. Halikujali ninasema nini. Lilichotaka ni kupoa tu.

Jumapili moja sikwenda kanisani. Niliacha injini ikinguruma uani, boneti imefungwa, jua la mchana likilipiga. Nikavuta stuli, nikangoja. Mafundi wote walikuwa wamekosea jambo moja: walilikuta limeshapoa, na mkono wa kwanza ukatikisa hiki, ukavuta kile, ugonjwa ukajificha. Mimi nilikusudia kutogusa chochote. Lilipozima nilifungua boneti taratibu, ufunguo nikiuacha pale pale ulipokuwa, nikachukua balbu ndogo yenye nyaya mbili, ile ambayo mume wangu aliitumia kupimia moto, yaani umeme wa gari. Waya mmoja niliubana kwenye chuma cha gari. Wa pili niliufunga kwenye sindano yangu ya kushonea.

Kwenye betri balbu iliwaka. Kwenye koili, inayoipa injini cheche, giza. Kwa hiyo moto ulikuwa unapotea njiani, kabla ya kufika kwenye koili. Nikaufuata waya huo kutoka kwenye koili kurudi nyuma, nikichoma sindano kwenye plastiki yake hatua kwa hatua. Giza. Giza tena. Ulipopita karibu na bomba la ekzosi palikuwa na utepe mweusi, umezungushwa vizuri sana. Nikachoma ng'ambo ya utepe na balbu ikawaka.

Niliufungua utepe. Ulikuwa laini kwa joto, unanata vidoleni. Ndani yake waya ulikuwa umekatika zamani, na ncha zake mbili zimesokotwa pamoja, bila kulehemiwa kwa risasi. Ule msokoto niliujua. Mume wangu alitumia mkono wa kushoto, na kila alichokaza kilielekea upande usiotarajiwa. Ni yeye aliyeuunga, akaufunika, asimwambie mtu, kwa sababu hakutaka kamwe gari lake lisemwe vibaya. Ukipata joto unalegea. Ukipoa unashikana. Siku ile ya mazishi, wakati mimi ninaongea ulikuwa bado wa moto. Mama alipomaliza kuongea ulikuwa umepoa.

Nilicheka kwa sauti pale uani. Kisha nikatafuta mtu wa kumwambia, nikaona kuku.

Nilikata kile kiungo, nikaweka waya mzima na kuupitisha mbali na ekzosi. Hata nguo ya kazi sikubadilisha. Niliendesha moja kwa moja hadi Kocholia, kipande kile nikikishika mkononi pamoja na usukani.

Mama mkwe alikuwa ameketi mlangoni akibambua karanga. Nilimweleza yote, kwa haraka, nikimwonyesha ncha zile, hii hapa, na hii hapa. "Mama, hakunikataa," nilisema. "Ni waya tu. Alikuwa hajanikataa."

Aliupokea, akaugeuzageuza kwa vidole vyenye vumbi la karanga.

"Kwa hivyo hata mimi hakunisikia," alisema.

Hilo sikuwa nimeliwaza hata mara moja. Miezi yote ile nilikuwa nikiuguza aibu yangu, naye alikuwa akiishi kwa lile jibu la mwanawe.

"Nipeleke pale lilipozima," alisema.

Alikuwa mtu wa kwanza wa boma lile kupanda gari tangu shemeji aliponiachia ufunguo. Tulipita Amagoro, tukashuka kuelekea Malaba, jua likiwa bado kali, na njia nzima aliinamia mbele akisikiliza injini. Nami nilisikiliza. Tulipofika mahali penyewe, gari lilikuwa linakwenda vizuri kabisa.

"Simama," alisema. "Zima."

Nikazima. Aligeuka, akaweka mkono kwenye kiti cha nyuma kilichokuwa kitupu, akasema naye kwa Kiteso. Kisha akanigusa goti. "Na wewe pia ongea."

Niliongea. Nilimwambia kwamba tumekuja wote wawili, na kwamba nyumbani hatujambo. Tukangoja. Lori lilipita, vumbi likatufunika, likatulia.

"Haya, washa," alisema mama, na nikaona ameshika dashibodi kwa mikono miwili, akiomba lisiwake, mwanawe akatae tena.

Niligusa tu ufunguo, likawaka, naye akaanza kulia.